Persimoni: Usikate Mti kwa Sababu ya Ukakasi

SAFU YA BWANA SHAMBA



Sote tunajua muhogo. Tunajua pia kwamba kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Muhogo mtamu unaweza kuung'oa, ukaumenya na kuutafuna. Muhogo mchungu huliwi hivyo. Ni lazima kwanza uuloweke, uukaushe na kuutwanga. Jina ni moja, lakini aina ni mbili. Asiyejua aina atapata madhara.

Hapa Amani tuna mfano mwingine wa muhogo. Katika miaka ya 1930 muhogo ulikuwa ukishambuliwa sana na ugonjwa wa batobato. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani walianza kuzalisha aina zinazoweza kuvumilia ugonjwa huo. Hawakuondoa muhogo na kuleta zao jingine. Walitafuta aina iliyo bora. Kazi yao iliwasaidia wakulima wa nchi nyingi za Afrika.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya tunda ambalo nalo lina jina moja na aina mbili. Tunda hilo ni persimoni. Si tunda la kila siku katika masoko yetu. Lakini watu wa milimani wanapenda kujaribu miti ya matunda. Plamsi, mapeasi na mapichi ya Lushoto yalitoka mbali, na leo yanauzwa Soni na Mombo. Persimoni nayo huulizwa. Kabla ya kuipanda, tuijue.

PERSIMONI NI TUNDA GANI?

Persimoni ni tunda la mviringo, lenye ukubwa kama wa nyanya kubwa. Likikomaa huwa na rangi ya chungwa. Juu yake, penye kikonyo, kuna vijani vinne vigumu vilivyokaa kama kofia. Kofia hiyo haianguki tunda linapoiva. Ukiiona, umeijua persimoni.

Mti huu asili yake ni China. Wachina na Wajapani wameulima tangu zamani sana. Wajapani huuita kaki. Usidhani ni kaki ya nguo! Jina persimoni lilitoka kwa wenyeji wa kwanza wa Amerika Kaskazini, kwa sababu huko nako kuna persimoni ya porini, yenye matunda madogo. Leo China ndiyo inayovuna persimoni nyingi kuliko nchi zote. Hispania, Korea na Japani nazo huvuna nyingi.

NDUGU ZAKE WAKO KWETU

Persimoni si mgeni kabisa. Wataalamu wa mimea huiweka katika jamii inayoitwa Diospyros. Miti ya jamii hiyo iko mingi Afrika, na mingine imo katika misitu yetu ya Usambara. Mmoja wao huzaa matunda madogo ya manjano yenye kofia ile ile. Watoto wa vijijini huyaokota na kuyala. Mdaa, ambao mizizi yake hutumika pwani kutia ukindu rangi, ni wa ukoo huo mkubwa pia.

Watu wengi hudhani mpingo ni ndugu yao kwa sababu mbao zake ni nyeusi. Sivyo. Mpingo ni wa ukoo wa kunde na maharage. Tazama maganda yake ya mbegu, utaona. Miti miwili inaweza kufanana kwa moyo mweusi wa mbao, lakini ikatoka koo mbalimbali.

UKAKASI NI NINI?

Wewe umewahi kula bibo la mkorosho ambalo halijaiva vizuri? Umewahi kung'ata ndizi mbichi? Ulimi huwa mkavu, mzito, kama umepakwa chokaa. Mashavu huvutwa ndani. Hali hiyo ndiyo tunayoiita ukakasi.

Ukakasi wa persimoni hutokana na kitu kiitwacho tanini. Tanini imo pia katika majani ya chai. Ndiyo maana chai iliyochemshwa mno hukausha mdomo. Katika persimoni mbichi, tanini imeyeyuka ndani ya maji ya tunda. Ukiling'ata, tanini hushikana na mate yako, na ulimi hukauka. Tunda likiiva sana, tanini hugandamana. Haiyeyuki tena. Imo ndani bado, lakini ulimi hauisikii. Utamu peke yake ndio unaobaki.

Kwa hiyo ukakasi si sumu. Ni dalili kwamba tunda halijawa tayari. Lakini sikiliza onyo hili. Usile persimoni nyingi zenye ukakasi, hasa ukiwa na njaa. Tanini inaweza kugandamana tumboni ikafanya bonge gumu. Bonge hilo linaweza kumpeleka mtu hospitali. Waonye na watoto.

AINA MBILI ZA PERSIMONI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ziko aina nyingi sana za persimoni, lakini mkulima anaweza kuzigawa katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la persimoni zisizo na ukakasi zinapokomaa. Ukakasi huisha tunda likiwa bado mtini na likiwa bado gumu. Unalichuma, unalimenya na kulitafuna kama tufaha. Aina inayojulikana sana katika fungu hili huitwa Fuyu. Umbo lake ni bapa kama nyanya. Nyingine huitwa Jiro.

Fungu la pili ni la persimoni zenye ukakasi mpaka ziive na kulainika kabisa. Tunda linaweza kuwa na rangi nzuri, linang'aa, lakini ukiling'ata likiwa gumu utalitema. Likilainika mpaka linatikisika kama uji mzito ndani ya ganda, basi ni tamu sana. Hulichwi kwa meno. Unalila kwa kijiko. Aina inayojulikana sana hapa huitwa Hachiya. Umbo lake ni refu, na chini lina ncha.

Je, tunaweza kutambua fungu kwa kutazama umbo tu? Hapana. Ziko persimoni bapa ambazo zina ukakasi. Umbo hutoa dalili, lakini si ushahidi. Ushahidi ni jina la aina, au kuonja tunda la mti mama.

MKULIMA ALIYESHIKA SHOKA

Nilipokuwa kazini upande wa Lushoto, mkulima mmoja alinionyesha kisiki. Alikuwa amepewa miche miwili ya persimoni na ndugu yake. Hakuambiwa aina. Aliipanda karibu na nyumba, akaimwagilia, akaizungushia miiba ili mbuzi wasiile. Mwaka wa tano ikazaa. Matunda yalipobadilika rangi, watoto walichuma moja. Mtoto wa kwanza kung'ata alilia na kushika mdomo. Baba akaonja mwenyewe, akatema. Akasema mti huu ni sumu. Kesho yake asubuhi akachukua shoka akaukata mmoja.

Jirani yake, mama mmoja anayevundika ndizi kwa ajili ya soko, alisikia shoka akaja. Alichukua tunda, akalikata kwa kisu, akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"Shemeji," alisema, "hata ndizi mbichi ina ukakasi. Mbona hujaiita sumu? Nipe matunda haya kikapu kimoja."

Yule mama aliyavundika pamoja na ndizi zake. Baada ya siku chache aliyarudisha yakiwa laini. Watoto wale wale waliolia walikula mpaka wakalamba maganda. Baba alikaa kimya, akitazama kisiki.

Kisiki kile kilichipua baadaye. Lakini mti ule ulikuwa wa kubebeshwa, na machipukizi yalitoka chini ya mahali ulipobebeshwa. Kwa hiyo yalikuwa ya shina la chini, si ya tunda lile. Miaka mitano ya kazi ilipotea kwa asubuhi moja. Mti wa pili ulibaki, na ndio uliowafundisha wote.

JINSI YA KUONDOA UKAKASI

Njia ya kwanza ni kuvundika. Chuma matunda yaliyokomaa na kupata rangi kamili. Yaweke katika mtungi, kasha au kikapu kilichotandikwa majani makavu ya mgomba. Changanya na ndizi mbivu chache. Funika vizuri. Ndizi mbivu hutoa hewa inayoharakisha matunda mengine kuiva. Fungua kila siku utazame. Yaliyolainika yatoe. Yaliyooza yatupe, yasiambukize mengine. Yaliyo magumu yaache yaendelee.

Njia ya pili ni kukausha. Wajapani huchagua persimoni za fungu la pili zilizokomaa lakini bado ngumu. Huzimenya, huzifunga kwa uzi kwenye vikonyo na kuzining'iniza mahali penye upepo kwa wiki kadhaa. Ukakasi huisha, na tunda huwa tamu kama tende. Sukari hutokeza juu yake kama unga mweupe.

Sisi wa Amani tusiige njia hiyo bila kufikiri. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na tunda lililoning'inizwa linaweza kuota ukungu. Ni afadhali kukata vipande vyembamba na kuvianika juani kwenye chekeche safi, juu ya uchaga, na kuvifunika kwa chandarua kuzuia nzi. Jioni viingize ndani. Vikikauka vizuri, vihifadhi katika chombo chenye kifuniko.

Usijaribu kuondoa ukakasi kwa kupika tunda gumu. Mara nyingi ukakasi unabaki au unarudi. Subiri liive. Wazee walisema, mvumilivu hula mbivu.

TUPANDE WAPI?

Milima ya Usambara si mmoja. Bonde la Lwengera linatenganisha Usambara ya Mashariki na ya Magharibi. Amani iko mashariki, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Lushoto iko magharibi, mita 1,400 hivi, na mvua yake ni zaidi kidogo ya milimita 1,000.

Persimoni hupenda kipindi cha baridi kidogo ili ipumzike, lakini haihitaji baridi nyingi kama tufaha. Haipendi mizizi yake kukaa katika maji. Kwa hiyo upande wa Lushoto, mahali penye jua na udongo usiotuama maji, unaifaa zaidi kuliko Amani. Lakini msiipeleke kwenye vilele vyenye baridi kali na ukungu. Aina zisizo na ukakasi huhitaji joto la kutosha matunda yanapokomaa. Pasipo na joto hilo, ukakasi unaweza kubaki.

Ukiwa Amani na unataka kujaribu, jaribu mti mmoja. Chagua mteremko wenye jua na upepo.

KABLA YA KUNUNUA MCHE

Muulize muuzaji maswali matatu.

Kwanza: Hii ni aina gani? Akisema "ni persimoni tu," usinunue.

Pili: Mche huu umebebeshwa au umetoka kwenye mbegu? Kubebesha ni kuchukua kijiti cha mti mzuri na kukiunganisha na shina la mche mwingine. Mche uliobebeshwa huzaa tunda kama la mti mama, na unaweza kuanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Mche wa mbegu huchelewa, na tunda lake haliwi kama la mama. Hata mbegu ya persimoni tamu inaweza kuzaa mti wa ukakasi.

Tatu: Mti mama uko wapi? Ukiweza, nenda ukauone na kuonja tunda lake.

KUPANDA NA KUTUNZA

1. Chimba shimo la futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Weka udongo wa juu mbali na udongo wa chini.

2. Changanya udongo wa juu na madebe 2 ya samadi iliyooza. Rudisha shimoni.

3. Panda mvua za masika zinapoanza. Kata kiriba kwa uangalifu. Mizizi ya persimoni ni myeusi. Usidhani imeoza. Ni rangi yake. Usiikate wala kuiacha ikauke.

4. Mahali mche ulipobebeshwa pawe juu ya udongo. Machipukizi yakitokea chini yake, yaondoe.

5. Kutoka mti hadi mti acha mita 5 au 6. Kwenye mteremko panda kufuata kontua, na uweke majani ya guatemala ili udongo usichukuliwe na maji.

6. Weka matandazo, lakini yasiguse shina.

7. Usizidishe mbolea ya kukuza majani. Mti utanenepa na kuangusha matunda machanga. Mti mchanga huangusha matunda mengi hata bila kosa lako. Usivunjike moyo.

Majani ya persimoni hupukutika wakati wa baridi. Mti hubaki mtupu. Usiukate ukidhani umekufa. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, mti uko hai. Mwaka 1945 bomu la atomiki liliangushwa katika mji wa Nagasaki, Japani. Mpersimoni mmoja uliungua vibaya, lakini haukufa. Baadaye mtaalamu wa miti aliutibu, na miche iliyotokana nao imepandwa na watoto wa shule katika nchi nyingi. Mti huu ni mvumilivu. Nasi tuwe wavumilivu.

KUVUNA

Kutoka ua hadi tunda kukomaa ni miezi 5 au 6 hivi. Usivute tunda kwa nguvu. Kata kikonyo kwa mkasi au kisu kikali, na uiache kofia juu ya tunda. Tunda lililopasuka penye kofia huoza upesi. Persimoni laini haiwezi safari ya gari katika njia za milimani. Yapeleke sokoni yakiwa bado magumu, na umweleze mnunuzi kama ni ya kutafuna au ya kuvundika. Ukimficha, atanunua mara moja tu.

Nzi wa matunda ni adui mkubwa. Mwaka 2003 aina mpya ya nzi hao kutoka Asia iligunduliwa Kenya na hapa Tanzania. Huharibu maembe zaidi, na persimoni huishambulia pia. Okota matunda yaliyoanguka kila siku. Yafukie futi 2 chini, au yafunge katika mfuko wa plastiki na kuuacha juani mpaka funza wafe. Usiyatupe kando ya shamba.

JARIBU MMOJA KWANZA

Amani inatufundisha jambo la mwisho. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Walileta miti kutoka pande zote za dunia na kuijaribu. Mingine ilifaa, kama mikwinini, ambayo magome yake yalitoa dawa ya malaria. Mingine haikufaa. Na mingine ilifaa mno! Msizi uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa kwa ajili ya mbao. Hondohondo walikula matunda yake na kueneza mbegu. Leo msizi umeingia ndani ya msitu na kuchukua nafasi ya miti ya asili. Watunzaji wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, bado wana kazi nao.

Sisemi persimoni itakuwa kama msizi. Nasema mti mgeni upandwe karibu na nyumba, mmoja au miwili, uangaliwe miaka kadhaa. Usifyeke msitu wala usikate migomba yako kwa ajili ya tunda ambalo hujalionja. Ukifaulu, mpe jirani kijiti abebeshe, na umwambie jina la aina.

Mti wa matunda si mahindi. Ukikosea mbegu ya mahindi, umepoteza msimu mmoja. Ukikosea aina ya mti, umepoteza miaka mitano. Na ukiukata kwa kutojua, umepoteza miaka hiyo mara ya pili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mafungu mawili ya persimoni ni yapi?
2. Kwa nini umbo la tunda halitoshi kutuonyesha fungu lake?
3. Ukakasi unatokana na nini? Ni sumu?
4. Yule mama alitumia ujuzi gani alioujua tayari?
5. Katika kijiji chenu kuna mti uliokatwa kwa sababu watu hawakujua matumizi yake? Elezeni.

Mwezi ujao tutajifunza kubebesha miche hatua kwa hatua. Njooni na visu vikali. Tuonane mwezi ujao.